Dawa ya Chanjo Iliyopata Joto Imwagwe

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo

Wakulima wenzangu, wengi wenu mmeiona friji ndogo inayotumia umeme wa gari. Ni chombo kizuri. Kwa msaada wake dawa ya kuchanja mifugo hufika hata katika mashamba ya mbali yasiyo na umeme. Lakini mimi naona kwamba chombo hiki, kikiachwa bila mlinzi ndani ya gari lililosimama juani, huleta hasara kuliko kutokuwa nacho. Nitawaeleza sababu, nami nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wa Februari, wakati jua la nchi za chini ni kali sana. Tulikwenda kuchanja ng'ombe kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo. Dereva alisimamisha pikapu mahali peupe, akazima injini, akafunga vioo, akaondoka na ufunguo. Kazi yangu ilikuwa mbili: kuandika majina ya wakulima na kutunza dawa. Majina niliyaandika vizuri. Friji sikuitazama, maana niliona waya umechomekwa, nikadhani inafanya kazi. Kumbe katika magari mengi lile tundu la kuchomeka waya hufa mara ufunguo unapotolewa. Tulipofungua friji saa 7 mchana, kipima joto kilionyesha digrii 31.

Wako waliosema, "Washeni injini, dawa ipoe, tuendelee." Daktari wa mifugo alikataa kabisa, na dawa yote ikaondolewa. Mzee mmoja aliyekuwa ametoka kwake alfajiri na ng'ombe 4 aliniuliza, "Mwalimu, dawa hii imeharibikia mikononi mwa nani?" Watu huniita hivyo kwa kuwa nilisomea ualimu. Nilimjibu kweli: "Mikononi mwangu, mzee." Akachukua ng'ombe wake, akarudi.

Daktari alifanya haki. Dawa ile hutakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8. Ikipata joto hupoteza nguvu. Ikiganda kuwa barafu huharibika pia. Na kuipoza tena hakurudishi nguvu iliyokwisha potea. Tena mara nyingi huwezi kuitambua kwa macho. Mkulima hulipa, ng'ombe hudungwa sindano, na mwenyewe hurudi nyumbani akidhani mifugo yake imekingwa. Ugonjwa ukija, maziwa hupungua, ndama hufa, na soko la mifugo hufungwa. Ndipo watu husema kwamba chanjo ni uongo, na mwaka ujao hawaleti ng'ombe.

Sasa tutazame jinsi jua linavyoshinda friji. Joto la nje likiwa digrii 35, ndani ya gari lililofungwa joto hupita 50 kabla ya saa moja kwisha. Kufungua vioo kidogo hakusaidii sana. Katika joto hilo mota ya friji hunguruma karibu bila kupumzika, nayo humaliza betri.

Tufanye hesabu kama ya darasani. Betri ya gari ya kipimo cha 60 huweza kutoa ampea 1 kwa saa 60. Lakini tusitumie zaidi ya nusu, maana betri ya kuwashia gari huharibika ikikaushwa, na tena gari halitawaka. Basi tunazo 30. Friji ikitumia ampea 5 bila kupumzika, tunapata saa 6 tu. Lakini ikikaa kivulini, mota ikafanya kazi theluthi moja ya wakati, tunapata saa 18. Betri ni ile ile na friji ni ile ile; tofauti ni kivuli cha mti. Na kama betri ni kuukuu, imebaki na nusu ya nguvu yake, zile saa 6 huwa 3.

Kuna pia visanduku vya bei rahisi visivyo na mota ya kusukuma gesi. Hivi hupunguza joto kwa digrii kama 20 tu kuliko hewa iliyo nje yake. Gari likiwa na joto la 45, dawa itakuwa katika 25. Chama kisinunue hivi kwa ajili ya chanjo.

Dawa ya mambo haya si ngumu. Friji ipozwe usiku kucha kwa umeme wa ofisini kabla ya safari. Gari lisimamishwe kivulini, na kivuli kinapohama, gari lihame nacho. Matundu ya friji ya kutolea hewa moto yasizibwe kwa magunia wala blanketi. Kifuniko kisifunguliwe ovyo. Wenye uwezo waweke betri ya pili iliyotengwa na ile ya kuwashia gari. Na injini isiachwe ikiunguruma ndani ya ghala lililofungwa, maana moshi wake huua watu.

Kwa kazi ya nusu siku, mimi hupendelea sanduku zuri la barafu, ambalo halihitaji betri. Ila vipande vya barafu visiwekwe vikiwa vikavu kutoka kwenye mtambo, visije vikagandisha dawa. Viachwe nje kwanza mpaka ukivitikisa usikie maji ndani.

Juu ya hayo yote, nasema mambo matatu yawe sheria katika kila chama. Kwanza, mtu mmoja aandikwe jina kuwa mlinzi wa dawa, wala asipewe kazi nyingine siku hiyo. Pili, asome kipima joto kila saa na kuandika katika daftari. Mali bila daftari huisha bila habari. Tatu, dawa iliyopata joto isidungwe mpaka daktari wa mifugo aamue, na akisema imwagwe, imwagwe, na mkulima asilipe hata senti.

Wako watakaosema kwamba karani huyu anaongeza gharama. Nawajibu hivi: bei ya chupa moja iliyomwagwa inajulikana siku ile ile. Bei ya chupa iliyoharibika na kudungwa hujulikana baadaye, bomani mwa mkulima.

Kwa hiyo, siku ya chanjo itakapokuja, kabla hujaingiza ng'ombe wako, omba kwa heshima uonyeshwe kipima joto na daftari. Si utovu wa adabu; ni haki yako. Na kama karani ni mimi, niulize mimi kwanza.