Kurekodi upya wimbo wa zamani si kuishiwa

Mwanamuziki akirudi studio kurekodi tena nyimbo zake za kwanza, hakosi wa kumcheka: huyu ameishiwa. Lakini si kila anayerudi nyuma amekosa la kuimba.

Wendo Kolosoy, aliyekuwa fundi wa mitambo kwenye meli za mto Kongo, alirekodi « Marie-Louise » mwaka 1948 pamoja na mpiga gita Henri Bowane. Baadaye aliacha muziki kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1990, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, aliuimba upya. Sauti ya pili haikufuta ile ya kwanza. Ya kwanza ni ya kijana wa Léopoldville, ya pili ni ya mzee aliyepita katika mengi na bado anaimba.

Mbali na Kongo, ndugu wawili wa Brazili, Max na Iggor Cavalera, walifanya hivyo hivyo mwaka 2023. Walirekodi upya nyimbo za roki nzito walizopiga na kundi la Sepultura miaka ya 1980, wakiwa bado hawajatimiza miaka 18. Sasa wana vyombo bora na mikono iliyozoea kazi.

Hao walirudia kwa kupenda. Kwa familia zilizokimbilia Oicha, jambo hili ni la haraka zaidi. Tangu mauaji yalipoanza Beni mwezi Oktoba 2014, watu wametoka vijijini mikono mitupu. Kaseti na kadi za simu zilibaki nyumbani. Kwaya zimetawanyika: mwimbishaji yuko Oicha, waimbaji wengine wako Beni au Butembo. Nyimbo za harusi, za mavuno na za kubembeleza watoto zimebaki vichwani mwa wazee tu.

Kuna watakaosema kwamba mwenye njaa anahitaji unga na usalama kwanza. Ni kweli, na wimbo hauchukui nafasi ya hivyo. Lakini kurekodi kwa simu hakugharimu sana, na mzee akifariki bila kurekodiwa, hakuna msaada utakaourudisha wimbo wake.

Kwa hiyo kwaya na vijana wenye studio ndogo waanze sasa, ila wafanye kwa heshima. Wasizimishe sauti za wazee kwa kinanda cha umeme. Wasibadili maneno ya Kinande ili wimbo uonekane wa kisasa. Mwanzoni mwa kila wimbo litajwe jina la mtunzi, kama anakubali, na kijiji ulikotoka. Ukileta pesa, naye apate sehemu yake. Redio za hapa nazo zitenge saa moja kwa wiki kwa ajili ya nyimbo hizo.

Mtoto aliyezaliwa ukimbizini hajawahi kukiona kijiji cha bibi yake. Asikose hata wimbo wake.