Mbwa wa vita si jenereta

Wanachuo wenzangu, kwetu ukimwita mtu mbwa mnaweza kufikishana kwa mshauri wa wanafunzi. Leo namtetea mbwa mwenyewe.

Katika vita vya Vietnam, jeshi la Marekani lilitumia mbwa wapatao 4,000. Askari alipita porini usiku, mbwa wake akiwa mbele. Mbwa akisimamisha masikio au akigoma kusonga, wote waliokuwa nyuma walilala chini, maana pengine kuna adui kajificha, au kuna waya umefungwa kwenye bomu. Ndivyo wengi walivyopona. Zamu ya askari ilikuwa kama mwaka mmoja, kisha anapanda ndege kurudi kwao. Mbwa anabaki, anakabidhiwa mtu mwingine, anaanza kumzoea upya.

Marekani ilipoondoka, waliorudishwa walikuwa kama 200 tu. Wengine waliachiwa jeshi la Vietnam Kusini, wengine wakauawa kwa sindano. Ilitajwa hofu ya magonjwa, lakini kwenye madaftari ya jeshi mbwa alihesabiwa kama kifaa, sawa na jenereta. Kifaa kikizidi, unakiacha. Sasa mwambie hivyo mzee ambaye yuko hai kwa sababu ya pua ya mbwa huyo!

Novemba 2000, Rais Bill Clinton alitia saini Sheria ya Robby, iliyoruhusu mbwa waliostaafu jeshini wachukuliwe na waliowaongoza. Robby mwenyewe, mbwa ambaye askari wake alihangaika kumwomba, hakuwahi kufika kwa askari huyo. Mwaka 2015 sheria nyingine ikataka mbwa hao warudishwe Marekani, na waliofanya nao kazi wafikiriwe kwanza.

Kuna atakayeniuliza: jamani, binadamu wenyewe hawajatibiwa, wewe unaleta habari za mbwa? Swali la haki kabisa. Ila kwa askari anayeshtuka usingizini miaka yote, mbwa aliyekuwa naye usiku ule ni sehemu ya matibabu. Huwezi kuwatenganisha halafu ukasema unamhudumia mmoja.

Na hapo ndipo sheria ile ya 2000 inaponikera. Inasema serikali haidaiwi gharama za matibabu ya mbwa aliyekwisha kukabidhiwa, hata kama ugonjwa aliupata kazini. Yaani nyonga imeharibika jeshini, bili anatoa mstaafu kwenye pensheni yake. Mimi nasema bili hiyo ilipwe na jeshi, mpaka siku mbwa anapokufa.