Mguu wa kuku hautalinda barabara ya Lodwar

Mfanyabiashara mmoja wa Lodwar, ambaye hunikaribisha kwake kila nifikapo huko kwa shughuli za utafiti wa lugha, aliniuliza swali ambalo sikulitarajia kutoka kwa mzee wa hirimu yake. Tulikuwa tumeketi nje ya duka lake jioni, joto la mchana likianza kulegea, na malori yaendayo Kakuma yakipita mbele yetu. "Mwalimu," akasema, "wewe ni mtu wa vitabu. Hebu nisomee haya uniambie, kati ya hizi ni ipi iliyo nzuri?" Akanikabidhi karatasi aliyoletewa na mpwa wake anayeishi Marekani. Ilikuwa na picha za bastola nne, fupi fupi, za kutosha kufichwa kiunoni chini ya shati, na bei zake kwa dola.

Wengi tumezizoea habari za bunduki za Turkana. Ni bunduki ndefu, aghalabu AK-47 au G3, na kila mwandishi anayefika huko hupiga picha ya mchungaji aliyeitundika moja begani. Bastola ni jambo jingine. Huyu si mchungaji, wala si ngoroko. Ni mtu mwenye duka, leseni ya biashara na watoto shuleni, anayetaka kutii sheria na pia kulala usingizi. Swali lake lastahili jibu la heshima, nami sikuwa nalo siku ile. Nilirudi nyumbani nikasoma.

Bastola zile nne zina historia moja. Ni masalio ya maghala ya majeshi ya Ulaya Mashariki, yaliyofunguliwa Vita Baridi vilipokwisha. Makarov ilipokewa na jeshi la Muungano wa Sovieti mwaka 1951. Tokarev ni kongwe zaidi, ya miaka ya 1930. P-64 ni ya Poland, na CZ 82 ni ya iliyokuwa Chekoslovakia. Majeshi yaliponunua silaha mpya, hizi ziliuzwa Marekani kwa wingi, na kuna wakati raia wa kawaida aliweza kuipata moja kwa dola mia mbili au tatu. Ndipo likazuka huko soko la watu wanaotaka silaha ndogo ya kujihami kwa bei ya chini, na mjadala usiokwisha juu ya ipi iliyo bora.

Nikimjibu mwenyeji wangu kwa kipimo chao, ningesema hivi. Tokarev haikuundwa na kizuizi cha usalama kwa mtumiaji. Zile zilizoingizwa Marekani ziliongezewa baadaye ili zikubalike. Hiyo si silaha ya kubebwa kiunoni na mtu anayepanda na kushuka malori. P-64 huchukua risasi sita tu, na kifyatulio chake kina sifa ya kuwa kigumu mno. Makarov ni imara, haina mambo mengi, huchukua risasi nane. CZ 82 huchukua kumi na mbili. Lakini hizi tatu za mwisho hutumia risasi ya milimita 9 iliyo fupi, ya milimita 18, ambayo siyo ile ya milimita 19 inayotumiwa na polisi wa nchi nyingi. Zinafanana kwa macho, ila moja haiingii mahali pa nyingine. Na bastola isiyopata risasi za uhakika, wala fundi wa kubadilisha springi iliyochoka kwa miaka arubaini, ni pande la chuma. Kwa hiyo hata katika hesabu ya duka unafuu wake una walakini.

Hapo ndipo mpwa alipomkosea mjomba wake. Alimpelekea bei bila kumpelekea nchi. Marekani ina kipengele cha katiba, kilichoidhinishwa mwaka 1791, ambacho mahakama zao hukifasiri kuwa champa raia haki ya kuwa na silaha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haina haki kama hiyo. Kwetu silaha ni ruhusa, na ruhusa hiyo hutolewa chini ya Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, kwa mwombaji mmoja mmoja, baada ya kuchunguzwa tabia na sababu zake. Aliyepewa jana aweza kunyang'anywa kesho. Mwishoni mwa mwaka 2018 serikali iliwaagiza wote waliokuwa na leseni wajitokeze wahakikiwe upya, na waliokuwa wakitamba na bastola zao katika vilabu vya Nairobi wakajikuta wakipiga foleni. Mtu wa Lodwar asidhani kwamba bastola ya dola mia mbili itamfikia kwa posta kama viatu.

Tuseme ameipata, tena kwa njia halali. Itamfaa nini?

Hofu yake ina mahali pake. Ni barabara ya Kitale hadi Lodwar, takriban kilomita 300, hasa pale inapotoka Pokot Magharibi na kuingia Turkana Kusini, kati ya Kainuk na Lokichar. Bidhaa zake zote hupitia hapo. Mnamo Februari 2023 maofisa wa polisi, watu waliofunzwa na waliokuwa na bunduki za vita, walishambuliwa na baadhi yao wakauawa kwenye barabara hiyo karibu na Kaakong. Siku chache baadaye serikali ikatangaza kaunti sita, Turkana ikiwamo, kuwa maeneo yenye vurugu na hatari, na wanajeshi wakapelekwa kuwasaidia polisi. Mshambuliaji wa barabara ile hupiga akiwa mlimani au vichakani, kwa bunduki iwezayo kulenga mita mia tatu. Bastola fupi, katika mkono wa mwenye duka, haina maana kubwa zaidi ya mita ishirini na tano. Yeyote aliye kwenye kiti cha mbele cha lori akainua bastola dhidi ya AK-47 ametangaza tu kwamba auawe kwanza.

Basi itamfaa wapi? Dukani na nyumbani. Na huko nyumbani ndiko utafiti unakotutia hofu. Mwaka 1993 jarida la matabibu la New England lilichapisha uchunguzi wa Arthur Kellermann na wenzake, waliolinganisha nyumba zilizotokewa na mauaji na zisizotokewa. Waligundua kwamba nyumba yenye bunduki ilikuwa na hatari ya mauaji karibu mara 2.7 ya isiyokuwa nayo, na muuaji aghalabu alikuwa jamaa au mtu aliyejulikana na marehemu. Wapo waliozibishia mbinu za uchunguzi huo, lakini sijaona hoja iliyonishawishi kwamba bastola chini ya mto humlinda mwenye nyumba kuliko inavyowahatarisha watoto wake.

Niruhusu sasa, msomaji, nirudi kwenye kazi yangu. Nilipojaribu kumtafsiria mzee maneno ya karatasi ile, nilikwama mahali pamoja. Waingereza na Wamarekani wana istilahi ya kisheria, baridi kabisa, ya kubeba silaha isiyoonekana. Kiswahili hakina. Nikisema "kubeba silaha kwa kificho" nimekwisha mhukumu mtu, kwa sababu kwetu afichaye ana la kuficha. Neno "bunduki" tulilipokea kutoka Kiarabu, na "risasi" vilevile, ambalo asili yake ni madini yenyewe. "Bastola" lina undugu na "pistola" la Wareno. Yote matatu yamekaa kwenye kamusi kwa heshima. Lakini kile kifaa kikishafichwa kiunoni, watu huacha jina la kamusi wakakiita "mguu wa kuku". Ni jina la mzaha na la kunong'onezana. Wenye lugha wamekwisha tambua kwamba kitu hiki si cha familia moja na vile vingine.

Na ndivyo ilivyo hata kwa mila. Mwomani huvaa jambia mbele ya tumbo, kila mtu alione. Mturkana huvaa abarait, kisu cha mviringo cha mkononi, na makali yake huyavika ngozi ili asimdhuru jirani. Jirani huyaona makali na huiona ngozi. Hata bunduki ya mchungaji, pamoja na maovu yake yote, hubebwa begani. Wazee wa adakar wanajua ni nani anayo, waweza kumuuliza aliipeleka wapi jana usiku. Sisemi kwamba bunduki hiyo ni njema. Imezika watu wengi mno. Nasema tu kwamba ina macho yanayoitazama, na mguu wa kuku hauna.

Fikiri sasa juu ya Kakuma, umbali wa saa chache kutoka Lodwar, ambako mwenyeji wangu ana duka la pili. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1992 na leo, pamoja na Kalobeyei, ina watu zaidi ya 200,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Wengi wao walikimbia silaha. Wenyeji na wageni wananunua kwenye kaunta moja, wakigombana kuhusu kuni na maji kama majirani wote. Siku itakapojulikana kwamba mwenye duka mmoja ana bastola chini ya shati, kila shati sokoni litatazamwa upya. Mwenye duka wa pili atatafuta yake, na huyu wa pili huenda asipitie Sura ya 114.

Turkana inaijua vizuri hesabu hii. Wakoloni waliwapokonya Waturkana bunduki zao, na msafara mkubwa wa Labur wa mwaka 1918 ukawavunja nguvu, lakini majirani wa kaskazini walibaki na zao. Waturkana wakawa kitoweo. Mwaka 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka, ghala la kambi ya Moroto lilivunjwa na maelfu ya bunduki yakaingia Karamoja. Mwaka 1991 likaanguka jeshi la Mengistu. Kila mara aliyebaki bila silaha alikimbilia kununua, kwa sababu za haki kabisa, na kila mara bei ilikuwa nafuu. Kumlaumu mzee yule kwa kutaka kujihami ni kusahau kwamba mwaka 2019 hata askari wa akiba vijijini walipokonywa bunduki kabla mipango ya kuwarithi haijakamilika.

Niliporudi Lodwar nilimweleza haya yote, nikamwambia kwamba kama hana budi, basi aombe leseni, anunue silaha mpya yenye risasi zipatikanazo nchini, na asiigeukie karatasi ya mpwa. Ila mimi nisingeinunua. Ningepunguza pesa taslimu dukani, maana M-Pesa ipo tangu mwaka 2007 na jambazi haibi namba ya siri kwa urahisi. Ningesafirisha mizigo kwa misafara yenye ulinzi. Na ningeshirikiana na wafanyabiashara wenzangu kumwandama kamishna wa kaunti mpaka kituo cha polisi cha kudumu kiwekwe pale tunapouawa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaniuliza, "Na huyo kamishna, Mwalimu, yeye hupita barabara ile bila walinzi?"

Nilimjibu kwamba sijawahi kumwona akipita hivyo.