Shahada ya Chuo cha Mtandaoni: Ulizeni Ithibati Kwanza

Wazazi wengi hapa Visiwani wameona wepesi wa binti kusoma sharia nyumbani kwa intaneti, na ni jambo la kheri. Anayetaka kuijua dini yake tu, na asome. Anayetaka shahada ya kuombea kazi ya ualimu ana suala jingine.

Chuo alichokiasisi Dkt. Bilal Philips, Islamic Online University, ambacho sasa huitwa International Open University, kina ithibati ya Gambia. Ithibati hiyo haimlazimishi mwajiri wa Unguja wala Pemba. Kwetu shahada za nje hutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Tangazo la chuo chochote linalosema "tunatambulika kimataifa" bila kutaja mamlaka halijasema kitu. Waulizeni TCU, si wakala, kabla ya kulipa ada.