Kalenda ya Safari Rally isipangwe kana kwamba Kenya haina masika

Muhula uliopita niliwauliza wanafunzi wangu swali ambalo halikuwa katika mtaala: Je, mbio za magari za Safari Rally hufanyika mwezi gani? Mmoja alijibu Juni. Wa pili akasema ni Machi. Wa tatu, ambaye bila shaka amelelewa na wazazi wenye kumbukumbu ndefu, akasema ni Pasaka. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wake, na kwa hakika hakuna aliyekosea. Hapo ndipo nilipotambua kwamba tuna tatizo.

Mashindano haya yaliporejea katika ubingwa wa dunia mnamo 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, yalifanyika mwishoni mwa Juni. Ndivyo ilivyokuwa pia 2022 na 2023. Mwaka wa 2024 yakahamishiwa Pasaka, kuanzia Machi 28 hadi Machi 31, na tukaambiwa kwamba huko ndiko kurudi kwenye asili. Mwaka uliofuata Pasaka ikaangukia Aprili 20, lakini magari hayakuingoja. Yalitimua mbio kuanzia Machi 20 hadi 23. Mwaka wa 2026 yakasogezwa tena, Machi 12 hadi 15. Asili gani hii inayodumu mwaka mmoja?

Msomaji ataniwia radhi nikiingiza kazi yangu kidogo. Neno msimu, ambalo siku hizi tunalitumia kwa kandanda na kwa mbio za magari, lilitujia kutoka Kiarabu, mawsim, na mabaharia wa Bahari Hindi walilihusisha na majira ya pepo za kusi na kaskazi. Hata Waingereza, kupitia kwa Wareno, walichota shina hilo hilo walipotaka jina la pepo hizo. Wazee wa pwani nao walikuwa na hesabu yao: walianzia Siku ya Mwaka na kuzigawa siku katika makumi, kila kumi likiitwa mwongo, na baharia au mkulima aliyejua yu katika mwongo wa ngapi alijua pia kama ni wakati wa kutweka tanga au wa kupanda. Kwao, tarehe isiyojua mvua haikuwa tarehe.

Sisemi kwamba wanaopanga kalenda ya dunia ni watu wasiojali. Kazi yao ni ngumu mno. Baraza la michezo la Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, ndilo linaloidhinisha ratiba, na kabla haijafika huko mwenye haki za kibiashara huwa ameshapima safari za meli na ndege, mikataba ya televisheni, na siku ambazo mafundi watalala nyumbani kwao. Mwaka wa 2025 ratiba ilikuwa na duru 14, zilizoanzia Monte Carlo mwezi Januari na kumalizikia Saudi Arabia mwezi Novemba. Ukisogeza moja, zote zinatikisika. Magari yanayokuja kwetu mwezi Machi huwa yametoka kwenye theluji ya Sweden mwezi mmoja tu uliotangulia, na huko yalikimbia kwa magurudumu yenye misumari.

Lakini hebu tuitazame hiyo Sweden. Mbio zake hukimbiwa Februari kwa sababu zinahitaji baridi kali. Mwaka wa 1990 zilifutwa kwa kuwa majira ya baridi yalikuwa na joto kupita kiasi. Majira yalipozidi kuyumba, waandalizi walihamisha kituo chao hadi Umeå, kaskazini zaidi, kuanzia 2022. Hawakukubali kusogezwa hadi Mei eti kwa vile kulikuwa na nafasi Mei. Walihama wao wenyewe ili Februari yao isiwatoroke. Hali kadhalika, waandalizi wa Formula One waliusikiliza mwezi mtukufu wa Ramadhani: mwaka wa 2024 mbio za Bahrain na Saudi Arabia zilifanyika Jumamosi badala ya Jumapili, na 2025 zikapelekwa Aprili. Maana yake ni kwamba kalenda ya dunia ina masikio, nayo huwasikia wenye kusema mapema na kwa sauti moja.

Sisi tumesema nini? Tangu mwanzo tarehe hii ilikuwa ya kupewa. Safari ya kwanza, ya Mei 27 hadi Juni 1, 1953, iliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, haikuchaguliwa na mvua wala na mkulima. Ilichaguliwa na kutawazwa kwa Malkia Elizabeth kule London siku ya pili yake. Pasaka ilikuja baadaye, na hiyo tuliifanya yetu. Ilianguka ndani ya masika, au ukingoni mwake, na masika ndiyo yaliyoipa Safari sifa duniani. Mwaka wa 1963, na tena mwaka wa 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404 ile ile ya kawaida. Joginder Singh alishinda mara tatu na Shekhar Mehta mara tano, na sehemu ya siri yao ilikuwa kuujua udongo wa kwao ukilowa.

Pasaka ya 1990, nikiwa bado mtoto wa shule ya msingi, nilisimama na ndugu zangu kando ya barabara ya udongo katika Bonde la Ufa, barabara iliyogeuka uji, tukiyangoja magari. Björn Waldegård ndiye aliyeshinda mwaka huo, lakini sisi hatukujua nani ni nani. Tuliona matope yakiruka tu. Ninachokikumbuka zaidi ni lugha ya nyanya yangu, ambaye hakuwahi kuketi ndani ya gari la aina yoyote mara zaidi ya kumi maishani mwake. Alihesabu miaka kwa Safari. Fulani alizaliwa siku mbili kabla ya magari. Ng'ombe fulani alikufa mwaka wa magari ya matope. Mahindi yasipopandwa kabla ya magari, hayo si mahindi. Mbio hizo zilikuwa zimeingia katika kalenda yake bila idhini ya FIA.

Kisha zikaanza kutangatanga. Mwaka wa 1997 zilifanyika mwanzoni mwa Machi, 1999 na 2000 Februari, 2001 na 2002 Julai. Nyanya aliacha kuzitaja. Ziliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, na sababu zilizotolewa ni za fedha na za maandalizi, ambazo sizikanushi. Naongeza moja tu: huko kijijini kwetu hakuna aliyelia, kwa sababu hakuna aliyejua zingekuja lini.

Nitawashangaza wengine nikisema kwamba, pamoja na kumbukumbu hizi zote, siungi mkono Pasaka. Sikukuu hiyo huweza kuanguka popote kati ya Machi 22 na Aprili 25, na hakuna ratiba ya duru 14 inayoweza kuifuata. Tena, wikendi hiyo barabara ya Nairobi kwenda Nakuru huwa imefurika tayari, hoteli za Naivasha zina wageni wake bila ya mbio, na Ijumaa Kuu ina wenyewe. Mgeni anayekuja siku ambayo nyumba imejaa hatuongezei pato kubwa.

Nachagua wiki ya tatu ya Machi, na iwe hiyo hiyo kila mwaka, Pasaka iwe karibu au mbali. Juni ina vumbi laini kama unga, linaloziba injini na kumzuia dereva wa nyuma kuona, hata aliyetangulia akapata faida asiyoitolea jasho. Machi mawingu yanakusanyika. Mkondo mmoja huwa mkavu na wa pili umelowa, na hapo ustadi wa dereva na mwelekezi wake ndio huamua. Ipo hatari, sikatai. Helikopta ya uokoaji haipendi mvua, na mtazamaji aliyesimama penye utelezi yu taabani. Lakini katika Bonde la Ufa mvua aghalabu hunyesha alasiri. Mikondo mirefu ianze alfajiri.

Kuna jambo jingine linaloniudhi. Idara yetu ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri wa masika kila mwaka, na wakulima huusubiri, ilhali tarehe ya mbio huwa imetangazwa miezi mingi kabla. Rekodi za mvua za miaka iliyopita zipo. Wanaokwenda kujadili mkataba wazichukue mkobani, pamoja na barua za wakulima na wafugaji ambao mashamba na malisho yao hupitiwa na magari hayo. Mkataba uliotangazwa 2021 ulifika hadi 2026. Katika wowote unaofuata, wiki hiyo iandikwe kwa tarakimu, kwa miaka mitano mfululizo.

Machi 2025 nilikwenda Naivasha kutazama. Nje kidogo ya mji nilimkuta mzee akiwaondoa mbuzi wake karibu na utepe wa walinzi. Nikamwamkia, nikamwuliza kama anajua magari yatarudi lini mwaka ujao.

"Mwalimu," akaniambia, "watatuambia wakishafika."