Usinunue farasi kwa huruma

Jamani, kati ya mada zote tulizowahi kugusa kwenye podikasti, sikutegemea farasi ndio wataleta ujumbe mwingi hivi. Nilitaja kwa dakika mbili tu kwamba nimerudi kupanda farasi baada ya miaka zaidi ya ishirini, na wiki nzima simu haikutulia. Nusu yenu mnacheka: "Dada, umeshakuwa Mswidi kabisa." Wengine mnauliza mnaanzia wapi. Na watatu, nimewahesabu, mmenitumia matangazo ya farasi waliokonda wanaouzwa kwa bei ya simu, mkiuliza kama tunaweza kuchanga tukawaokoa.

Hao watatu ndio hasa nataka kuzungumza nao. Ila kwanza niwajibu wanaocheka.

Sisi tuliokulia Hallunda hatukuwa mbali na wanyama kama watu wanavyodhani. Ukishuka tunnelbana, ukapita centrum na yale magorofa ya miaka ya 1970, kwa miguu tu unafika upande wa Hågelby, na ukiendelea unakutana na malisho, msitu na maji. Lakini nyumbani farasi yalikuwa "mambo ya wazungu". Mama alinilipia mihula miwili nikiwa na miaka kumi, halafu pesa ikaenda kwenye mambo mengine, na simlaumu hata kidogo. Kila mwezi kulikuwa na watu Mombasa wanaosubiri. Farasi hakuwemo kwenye hesabu.

Na tukisema ukweli, hata kwetu pwani farasi hakuwahi kuwa mnyama wa kila mtu. Jina lenyewe tumelipata kwa Waarabu. Mbung'o, yule inzi anayeeneza ugonjwa wa nagana, aliwamaliza farasi sehemu nyingi za Afrika Mashariki, kwa hiyo mizigo ilibebwa na punda, na mara nyingi zaidi na vichwa na mabega ya watu. Farasi akabaki mnyama wa wakubwa. Nadhani wazazi wetu walikuja na picha hiyo hiyo kichwani.

Uswidi picha ni nyingine. Kuna farasi zaidi ya 300,000 nchini, na shule nyingi za kupanda zinaendeshwa na vyama, tena manispaa nyingi huzisaidia kwa pesa za kodi. Kodi yako na yangu, bana. Makundi ya watu wazima wanaoanza au wanaorudi yapo, na hakuna anayekushangaa. Na kama unaona umri umeenda, mtafute Hiroshi Hoketsu wa Japani: alishiriki Olimpiki ya Tokyo 1964, akarudi Olimpiki ya Beijing 2008, yaani miaka 44 baadaye, halafu akaenda na London 2012 akiwa na miaka 71. Wewe una 34 unasema mgongo unauma.

(Mgongo utauma kweli. Na mapaja. Siku mbili za kwanza ngazi za tunnelbana ni adhabu.)

Lakini kitu kilichonirudisha si kule kukaa juu ya tandiko. Ni ile nusu saa ya kabla. Unampiga brashi, unainua mguu mmoja mmoja na kuchokoa uchafu kwenye kwato, unamvisha hatamu, zile kamba za ngozi utakazoshika mkononi. Kazini natazama skrini kutwa nzima. Zizini siwezi hata kushika simu, kwa sababu mikono yote miwili ina kazi na mbele yangu kuna mnyama wa kilo mia tano anayeangalia kama nina haraka.

Sasa basi, nyinyi watatu.

Naelewa mlichokiona. Mbavu zinahesabika, manyoya yamekufa, kwato zimerefuka mpaka zimeanza kupinda. Chini yake bei ndogo na maneno "anahitaji nyumba nzuri". Moyo unasema nunua. Mimi nasema usinunue, hata kama pesa unayo.

Bei ya kununua ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Farasi wa kilo 500 anakula karibu kilo 8 hadi 10 za majani makavu kila siku, Krismasi na Eid zikiwemo. Kwato zinatengenezwa kila wiki sita hadi nane. Meno yanakaguliwa na daktari, mara nyingi kila mwaka. Kuna kodi ya zizi, na sheria za hapa zinataka farasi atoke nje kila siku atembee kwa uhuru wake. Mtu anayeishi ghorofa ya tano Hallunda akinunua farasi mgonjwa kwa huruma, baada ya miezi sita kuna hatari tangazo lirudi mtandaoni, safari hii likiwa na jina lake.

Tena kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui: farasi aliyekaa na njaa muda mrefu hulishwi tu mpaka ashibe. Mwili wake umeshazoea kujila wenyewe. Ukimwagia ndoo ya nafaka, madini kwenye damu yanaweza kushuka ghafla na akafa ndani ya siku chache, wakati wewe unafikiri ndio anapona. Madaktari wa mifugo huanza na majani makavu kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na kuongeza polepole. Hiyo si kazi ya kujifunza kwenye video usiku.

Halafu kuna muuzaji. Aliyemkondesha mnyama amepokea pesa yako, na hakuna aliyemuuliza kitu. Zizi lake lina nafasi tena.

Cha kufanya ni kuripoti Länsstyrelsen, ofisi ya mkoa. Wao ndio wanaokagua ustawi wa wanyama, na huhitaji kutaja jina lako. Wanaweza kumwamuru mwenye farasi arekebishe, wanaweza kumchukua mnyama, na mambo yakizidi wanaweza kumpiga mtu marufuku kufuga. Ikiwa ni usiku au wikendi na mnyama yuko hatarini, piga polisi 114 14.

Najua neno "kuripoti" lina harufu gani kwetu. Tumekua tukisikia watu wazima wakinong'ona kuhusu barua za ofisini, nani kamsema nani. Lakini mara nyingi anayemwacha farasi akonde si shetani. Ni mtu aliyeugua, aliyefilisika, au mzee anayeona aibu kuomba msaada. Barua ya mkaguzi inaweza kumfikia kabla mnyama hajalala chini asiinuke tena. Pesa yako ya tangazo haimfikishii msaada huo.

Mkitaka kuona jinsi inavyofanyika vizuri, angalieni Lamu. Mji ule hauna nafasi ya magari, vichochoro ni vyembamba, na mchanga, matofali, maji, vyote vimepita mgongoni kwa punda. Mwaka 1987 shirika la Donkey Sanctuary, lililoanzishwa na Mwingereza Elisabeth Svendsen, lilifungua kituo pale. Hawakuanza kuwanunua punda wote waliochoka. Wanawatibu bure na kuwarudisha kwa wenyewe, na huwa kuna mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri zaidi. Mwenye punda anashinda zawadi mbele ya majirani. Hebu fikiria: badala ya aibu, sifa.

Msaada huo ulihitajika, maana lugha yetu haikumhurumia sana punda. Punda afe, mzigo wa bwana ufike. Na mzigo wenyewe ulibadilika: kuanzia 2016 machinjio yalifunguliwa Kenya kwa ajili ya ngozi za kupelekwa China, zinakotengenezewa dawa iitwayo ejiao. Punda wakaanza kuibwa usiku. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 hivi nchini, ya 2019 ikapata kama milioni 1.2. Serikali ikapiga marufuku 2020, mahakama ikatengua 2021, mpaka Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuizuia biashara hiyo ya ngozi bara zima. Kwa hiyo, wenye pesa za kuchanga, pesa hizo zina pa kwenda.

Na kama unachotaka ni farasi wa kumgusa kwa mkono, kuna njia ya katikati. Jifunze kwanza shuleni, halafu tafuta kuwa medryttare: unasaidia kumtunza na kumpanda farasi wa mtu siku moja au mbili kwa wiki, na unachangia sehemu ya gharama. Wenye farasi waliozidiwa na kazi wanatafuta watu hao kila wakati. Mtu wa pili zizini huona mapema farasi akianza kukonda.

Mimi nipo Jumatano jioni. Anayetaka kuja kuangalia aniandikie, avae buti za mpira, na karoti aulize kwanza kabla ya kuzitoa mfukoni.