Mesiji Imechelewa? Usikimbilie Kutuma Tena

Jumamosi asubuhi, Gikomba. Umechagua viatu vya mtumba, mmepatana 800, umetuma. Muuzaji anaangalia simu yake. "Boss, bado haijaingia. Tuma tena." Wewe pia hujapata mesiji, na nyuma yako watu wanasukumana. Unatuma tena. Ukifika nyumbani Majengo, mesiji mbili zinaingia kwa mpigo. Viatu vya 800 vimekula 1,600, na pesa ya unga imeenda.

Nani alikosea? Wengi watasema mteja alikuwa na haraka. Mimi sikubali. Kosa lilianza pale kimya kilipochukuliwa kuwa jibu.

Tangu M-PESA ianze Kenya Machi 2007, tumezoea mesiji kuwa risiti. Lakini kila malipo yana saa mbili: saa pesa ilipohama, na saa habari ilipokufikia. Mesiji ina safari yake, na mtandao ukilemewa inakwama. Pesa inaweza kuwa imefika kitambo huku simu imenyamaza.

Hata mitambo ina shida hii. Mtambo ukingoja jibu la mwenzake sekunde 30 na lisije, haujui kama ombi halikufika, au lilifika na jibu ndilo lililopotea njiani. Kulinganisha saa zao pia hakumalizi ubishi, kwa sababu saa za kompyuta mbili hazilingani kabisa. Mwanasayansi Leslie Lamport alilieleza tatizo hilo tangu 1978. Kwa hivyo majibu ya kweli ni matatu: imeenda, imekataa, na bado haijulikani.

Kwa maoni yangu, sisi kampuni za malipo tunafaa kulisema hilo jibu la tatu waziwazi. "Malipo yako bado yanashughulikiwa, usitume tena" ni maneno machache, lakini yanaokoa pesa ya mtu. Kuandika "imefeli" kabla ya kuwa na uhakika ni kumpotosha mteja.

Na wewe, kabla ya kutuma mara ya pili:

- Angalia salio. Kama limepungua kwa kiasi ulichotuma, pesa imetoka.
- Angalia orodha ya miamala yako ya mwisho. Saa iliyoandikwa pale ni ya muamala, si ya mesiji kufika.
- Bado huelewi? Pigia huduma kwa wateja, utaje kiasi na saa uliyotuma. Namba ya siri usimpe yeyote.

Muuzaji, nawe usiachilie mali kwa sababu umeonyeshwa mesiji kwenye simu ya mteja. Mesiji feki zipo. Shahidi wako ni salio lako mwenyewe. Lakini mteja akisema ametuma, mwambie "ngoja kidogo tuangalie," usimwambie "tuma tena."

Kusimama dakika tano kando ya kibanda kunachosha, najua. Lakini kurudi Gikomba Jumatatu kumtafuta muuzaji ambaye hata jina lake hukushika kunachosha zaidi.